Barafu ya Kibo na Washtakiwa Wake

Mjadala wa hadhara kuhusu vyanzo vya mabadiliko ya tabianchi, yaani mabadiliko ya muda mrefu katika hali ya joto, mvua na upepo, umeendeshwa zaidi katika nchi za Ulaya na Marekani, lakini mojawapo ya vielelezo vilivyogombaniwa kuliko vyote katika mjadala huo kimo Tanzania, juu ya Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21 barafu ya Kilimanjaro imetajwa katika filamu, katika riwaya, magazetini na hata mahakamani, baadhi ya watu wakiitumia kuthibitisha kwamba binadamu ndiye anayeipasha dunia joto, na wengine wakiitumia kuthibitisha kwamba dai hilo limetiwa chumvi. Walioibeba huku na huko mara nyingi hawakujua kwamba ubishi juu ya barafu hiyo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 150, na kwamba ulipoanza, watu hawakuwa wakibishania sababu ya kupungua kwake. Walibishania kama ipo.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa akielekea nchi ya Wachagga, aliona weupe juu ya mlima na kuamini kuwa ni theluji. Habari yake ilipochapishwa London mwaka uliofuata, ilikutana na upinzani wa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekuwa akichora ramani za bara la Afrika bila kutoka Uingereza, ambaye hakukubali kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na mstari wa ikweta na akadai kwamba macho ya mmisionari yalimdanganya. Rebmann kwa upande wake alikuwa na ushahidi ambao Cooley hakuutaka, kwa kuwa wenyeji walimsimulia habari za watu waliowahi kutumwa mlimani na mtawala wa Machame kwenda kuchunguza kile cheupe, wakarudi mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi. Mwaka 1849 Ludwig Krapf aliongeza ushuhuda wa mlima Kenya, naye hakuaminiwa. Ubishi ulikoma tu baada ya Mjerumani Karl Klaus von der Decken kupanda hadi zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862 na kunyeshewa na theluji yenyewe, ingawa Cooley hakukiri kushindwa. Wachagga, ambao maji ya mifongo yao, yaani mifereji ya kumwagilia vihamba vya migomba, yalitoka mlimani humo, hawakuulizwa na mtu yeyote kule London.

Hans Meyer, mwanajiografia wa Leipzig, alifika kileleni mwezi Oktoba 1889 pamoja na mpanda milima Ludwig Purtscheller, wakisaidiwa na wenyeji ambao kati yao masimulizi ya Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo. Aliukuta ukingo wa kreta ukiwa umefunikwa kwa ukuta wa barafu uliomlazimu kuchonga ngazi kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine. Aliporudi mwaka 1898, miaka 9 tu baadaye, aliona kwamba barafu imerudi nyuma na kwamba mapengo ya ukingoni yamepanuka kwa kiasi cha kumshtua, akaandika kwamba barafu hiyo ilikuwa njiani kutoweka. Utabiri wa kutoweka kwa barafu ya Kibo, basi, haukuanzia kwa wanaharakati wa mazingira wa zama zetu. Uliandikwa wakati ambapo hewaukaa, yaani ile gesi itokanayo na kuungua kwa makaa ya mawe, mafuta na kuni ambayo huzuia joto la dunia lisitoroke angani, ilikuwa bado haijaongezeka sana, na jambo hilo dogo la tarehe ndilo lililokuja kuwa silaha kubwa karne moja baadaye.

Vipimo vilivyofuata vilionesha mwelekeo mmoja. Ramani iliyotengenezwa na Fritz Klute na Eduard Oehler kutokana na picha za mwaka 1912 iliwawezesha watafiti wa baadaye kukokotoa kwamba barafu ya mwaka huo ilienea kwa kilomita za mraba 12 hivi. Picha za angani za mwaka 1953 zilitoa kama 6.7, za mwaka 1976, kama 4.2, na za mwaka 1989, kama 3.3. Kupungua kulikuwa kwa kasi zaidi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kuliko katika nusu ya pili, kinyume cha vile ambavyo mtu angetarajia kama joto la viwanda pekee ndilo lingekuwa chanzo. Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima barafu za Kenya na Kilimanjaro, alihusisha mwanzo wa kupungua huko na ukame uliolikumba eneo hili kuanzia miaka ya 1880, wakati maji ya Ziwa Victoria, yaliyokuwa juu mno mwaka 1878, yaliposhuka. Kwa maelezo yake, mawingu na theluji vilipungua kwanza, jua likapata nafasi, na joto la hewa likaja kuongeza nguvu baadaye katika karne ya 20, hasa kwenye mlima Kenya. Maelezo hayo yalijulikana na wataalamu wachache tu, na hapakuwa na mtu nje ya duru zao aliyeyaona kuwa ya kisiasa.

Mambo yalibadilika mwaka 2000. Mwanzoni mwa mwaka huo Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, pamoja na wenzake, walipanda Kibo wakiwa na mitambo ya kukerezea barafu, iliyobebwa na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Walichimba na kutoa mihimili 6 ya barafu, yaani vipande virefu vya mviringo ambavyo matabaka yake husomwa kama kumbukumbu ya miaka iliyopita, mirefu zaidi ikikaribia mita 51, kisha ikasafirishwa ikiwa bado imeganda hadi vyumba vya baridi vya Columbus, Ohio. Katika makala iliyochapishwa na jarida la Science mwezi Oktoba 2002, walieleza kwamba barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa takriban miaka 11,700, kwamba ndani yake kulikuwa na dalili za ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita, na kwamba ikiwa hali ingeendelea kama ilivyokuwa, barafu yote ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020.

Ni sentensi hiyo ya mwisho iliyopokewa na ulimwengu, na ile ya ukame wa kale ikasahauliwa. Kilimanjaro ulikuwa tayari na jina kubwa katika lugha ya Kiingereza kwa sababu ya hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, na picha mbili za mlima huo huo, moja ya zamani ikiwa nyeupe na nyingine ya sasa ikiwa na mabaka ya kijivu, zilieleweka na mtu yeyote bila kufundishwa fizikia. Mwaka 2006 zilitumiwa katika filamu ya Al Gore, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, An Inconvenient Truth, ambayo ilieneza kwa mamilioni ya watazamaji wazo kwamba theluji ya Kilimanjaro ilikuwa ikiyeyushwa na ongezeko la joto duniani. Upande wa pili nao haukulala. Riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 2004, State of Fear, iliyoandikwa kuwabeza wanaoonya juu ya tabianchi, ilikuwa na mhusika anayeeleza kwamba barafu ya Kilimanjaro ilianza kupungua zamani na kwamba kosa ni la ukataji wa misitu.

Wakati huohuo utafiti uliokuwa ukifanyika kileleni kwenyewe ulikuwa ukitoa picha ambayo haikumfaa kikamilifu yeyote kati ya wabishi hao. Mwezi Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimika kituo cha kupima hali ya hewa juu ya Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, na takwimu zake, pamoja na kazi ya Georg Kaser, Thomas Mölg na Nicolas Cullen, kundi lililokuwa na makao yake Innsbruck nchini Austria, zilionesha kwamba wastani wa joto la hewa pale juu ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, na kwamba hewa ni nadra sana kufikia kiwango cha kuyeyusha barafu. Sehemu kubwa ya barafu hupotea bila kuwa maji kwanza, kwa kugeuka mvuke moja kwa moja kutoka hali ya kuganda, kama nguo mbichi inavyoweza kukauka kwenye baridi kali hata ikiwa imeganda. Kuigeuza barafu kuwa mvuke kwa njia hiyo huhitaji nishati zaidi ya mara 8 ya ile inayohitajika kuiyeyusha, na nishati hiyo hutoka kwenye miali ya jua kuliko kwenye joto la hewa.

Umbo la barafu yenyewe lilitoa ushahidi ambao hata asiye mtaalamu angeweza kuuona. Kingo zake ni kuta zilizosimama wima, baadhi zikiwa na urefu wa zaidi ya mita 20, na kingo kali kama hizo zisingedumu mahali ambapo hewa yenye joto huzizunguka na kuzilainisha pande zote. Huchongwa na jua ambalo, kwa nusu ya mwaka, huziangukia zile zinazotazama kusini na kwa nusu nyingine zile zinazotazama kaskazini. Ukuta ulio wima hauwezi kushika theluji mpya, kwa hiyo kila unachopoteza haukirudishi kamwe. Juu ya kuta hizo, kwenye sehemu tambarare, hali hutegemea mvua za masika na vuli, kwani theluji nyeupe iliyoanguka karibuni hurudisha mwanga wa jua angani, ilhali barafu iliyozeeka na kuchafuka kwa vumbi huunyonya. Mwaka ambao mvua hazikufika kileleni ni mwaka wa hasara mara mbili, kwa kuwa barafu haikuongezwa kitu na pia haikufunikwa. Makala ya kundi hilo ya mwaka 2004 ilihitimisha kwamba kilichoanzisha kupungua ni ukavu wa hewa ulioikumba Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba barafu tunayoiona ni mabaki ya tabianchi yenye unyevu zaidi iliyokwisha pita.

Mwaka 2007 Kaser na Mmarekani Philip Mote waliandika makala kwa wasomaji wa kawaida katika jarida la American Scientist, wakihoji kama ongezeko la joto duniani linaweza kulaumiwa kwa barafu ya Kilimanjaro, na wakaeleza kwamba mlima huu ni mfano mbaya wa jambo ambalo ni la kweli. Kwao, barafu za Alps, za Andes na za maeneo mengine mengi zilikuwa ushahidi mzuri wa dunia kupata joto, na haikuwepo haja ya kulazimisha Kibo kusema lisilokuwa lake. Waliotilia shaka mabadiliko ya tabianchi waliichukua nusu ya kwanza ya hoja hiyo na kuiacha ya pili. Kinaya chake ni kwamba wote wawili, Mote na Kaser, walikuwa miongoni mwa waandishi wa sura ya theluji na barafu katika ripoti ya mwaka huohuo ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalotathmini sayansi ya tabianchi, ambalo wapinzani hao walilituhumu kwa upotoshaji.

Kilele cha mzozo kilikuwa London tena, safari hii katika Mahakama Kuu. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeamua kusambaza filamu ya Gore katika shule za sekondari, na mjumbe mmoja wa bodi ya shule kutoka Kent akafungua shauri kuipinga hatua hiyo. Tarehe 10 Oktoba 2007 Jaji Michael Burton aliamua kwamba filamu inaweza kuoneshwa ikiwa itaambatana na mwongozo kwa walimu, akikubali kwamba hoja yake kuu ina msingi wa kisayansi, lakini akaorodhesha mambo 9 ambayo aliona hayalingani na msimamo wa wanasayansi walio wengi, moja likiwa Kilimanjaro, kwa maelezo kwamba haikuthibitika kuwa kupungua kwa theluji yake kulisababishwa hasa na shughuli za binadamu. Siku mbili baadaye Kamati ya Nobel ilitangaza kwamba Tuzo ya Amani ya mwaka huo imetolewa kwa Gore na IPCC kwa pamoja. Magazeti ya kila upande yalipata kichwa cha habari yalichokitaka, na aliyesoma gazeti moja tu hakuweza kujua kwamba jaji alikuwa amesema mambo mawili.

Ugumu uliowashinda wengi ulikuwa wa kutenganisha sababu iliyo karibu na sababu iliyo mbali. Kusema kwamba barafu ya Kibo inapungua kwa kukosa theluji ni kutaja sababu ya karibu tu, maana swali la kwa nini mvua zimepungua linabaki palepale, na jibu lake linatafutwa katika Bahari ya Hindi, ambako mgawanyo wa maji ya joto na ya baridi ndio unaoamua ni unyevu kiasi gani utakaosukumwa na upepo hadi bara. Bahari hiyo yenyewe imepata joto katika karne ya 20. Mtu anaweza kukubaliana na kila kipimo cha watafiti wa Innsbruck na bado akaona mkono wa binadamu kwa mbali, hasa kwa miongo ya karibuni, bila kuuona katika ukame wa miaka ya 1880. Filamu na riwaya hazikuwa na nafasi ya kueleza hivyo, na mahakama ililazimika kujibu ndiyo au hapana.

Thompson hakukaa kimya. Mwaka 2009 alichapisha utafiti uliosema kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu la mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007, akaongeza hoja iliyokuwa na uzito wa pekee. Katika sentimita 65 za juu za mmoja wa mihimili yake, alisema, kulikuwa na vipovu vya hewa vilivyorefuka, alama ya barafu iliyoyeyuka na kuganda tena, na alama kama hizo hazikuonekana mahali pengine katika mhimili huo. Kama barafu hiyo ilivumilia ule ukame wa kale, uliodumu miaka 300 hivi, bila kutoweka, ukavu wa hewa pekee ungewezaje kuimaliza sasa? Kaser na wenzake walijibu mwaka 2010 kwamba barafu ya umbo hilo huenda imewahi kuja na kutoweka zaidi ya mara moja, na kwamba umri wa matabaka ya chini haujathibitishwa kwa nguvu inayodhaniwa. Hoja ya vipovu ni nzuri kuliko wapinzani wake walivyokubali, lakini inahusu sentimita chache za juu, yaani historia ya karibuni, na haigusi chanzo cha kupungua kulikomshtua Meyer.

Mwaka 2020 ulifika barafu ikiwa bado ipo, na waliokuwa wakisubiri kuucheka utabiri wa mwaka 2002 waliucheka. Kicheko hicho kilificha zaidi kuliko kilivyofichua. Cullen na wenzake walikuwa wamepima kilomita za mraba 1.76 kwa mwaka 2011, na Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, mkubwa kuliko yote, ulipasuka na kuwa vipande viwili mwaka 2012. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutokana na picha za satelaiti za mwanzoni mwa muongo huu ulikuta imebaki chini kidogo ya kilomita ya mraba 1. Milima ya Rwenzori na mlima Kenya imepoteza sehemu kubwa zaidi. Kuhusu mwelekeo, wabishi wote wa kisayansi walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo.

Nchini Tanzania mjadala ulichukua sura tofauti, na pengine ndiyo iliyokuwa na matokeo makubwa zaidi. Viongozi wengi na wananchi wa kawaida waliitaja misitu. Dai hilo lilikuwa na msingi unaoonekana kwa macho, kwani uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 na kuchapishwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata ulionesha miti ya mkulo, yenye mbao za thamani, ikikatwa kwa wingi ndani ya hifadhi, pamoja na matanuri ya mkaa. Hata hivyo kazi ya miaka mingi ya Mjerumani Andreas Hemp, aliyezijua mbuga na misitu ya mlima huo kwa kutembea, ilionesha kwamba uhusiano wa msitu na barafu umegeuzwa kichwa chini. Ukavu uleule unaoinyima barafu theluji umeongeza mioto ya juu, ambayo tangu mwaka 1976 imeteketeza maelfu ya hekta za msitu wa mwinuko wa juu, ule unaokamua maji kutoka ukungu na kuyadondosha ardhini. Maji yaliyopotea kwa njia hiyo ni mengi mno kuliko yale yanayotoka kwenye barafu, ambayo mchango wake kwa mito na mifongo ni mdogo. Mwaka 2012 Mölg na wenzake walipima kwa modeli za kompyuta athari za kubadilika kwa uoto wa mlimani juu ya barafu yenyewe, wakakuta kwamba nazo ni ndogo.

Kila maelezo, kwa hiyo, yalikuja na mshtakiwa wake. Ikiwa chanzo ni hewaukaa, mshtakiwa ni nchi za viwanda, ambapo Mmarekani mmoja mwaka 2000 alizalisha tani 20 hivi wakati Mtanzania hakufikisha hata tani moja. Ikiwa ni ukame wa karne ya 19, hakuna wa kushtakiwa. Na ikiwa ni msitu, mshtakiwa ni mrina asali mwenye kijinga cha moto, mchoma mkaa na mama anayetafuta kuni. Washtakiwa hawa wa mwisho ndio pekee waliokuwa karibu na mkono wa sheria. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa kutoka takriban kilomita za mraba 750 hadi zaidi ya 1,600 ili kuuingiza msitu wote, na katika upanuzi huo ukajumuishwa ule ukanda wa nusu maili ambao tangu mwaka 1941 ulikuwa umetengwa kwa ajili ya vijiji vilivyopakana na msitu kupata kuni, nguzo na majani ya mifugo. Sababu za kuulinda msitu huo zilikuwa za kweli, hasa kwa maji, lakini vijijini ukanda ule ulikuwa sehemu ya maisha ya kihamba, ambacho hakina nafasi ya malisho na ng'ombe wake hufugwa zizini. Malalamiko juu ya mpaka wa nusu maili yamefikishwa bungeni mara kadhaa na wabunge wa majimbo ya mkoa wa Kilimanjaro.